Kunakili ukungu wa Turner: kumbukumbu ya mradi wangu wa rangi za mafuta

Kazi ninayoinakili ni Norham Castle, Sunrise, ambayo mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner aliichora yapata mwaka 1845 na ambayo sasa imo katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la Tate, London. Asilia ina kimo cha sentimita 91 hivi na upana wa sentimita 122, nami nimechagua turubai ya sentimita 45 kwa 60, kwa kuwa uwiano wa pande zake unakaribiana sana na ule wa asilia. Ngome iliyo juu ya Mto Tweed, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, kingo za mto na ng'ombe aliyesimama majini, vyote vinaonekana kupitia mwanga wa macheo, na hilo ndilo ninalotaka kujifunza: kuchora hewa iliyopo kati ya jicho na kitu.

Turubai nimeipaka jeso nyeupe, yaani tabaka la kuiandaa kabla ya rangi, na kuisugua kwa msasa laini. Turner alipenda kuanzia kwenye weupe, akitandaza rangi nyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya tabaka, hugonga weupe wa chini na kurudi machoni. Kwa sababu hiyo sikutanguliza kahawia chini, ingawa ndiyo desturi ya walimu wengi.

Kabla ya kugusa rangi nilifanya jaribio dogo la kijivu kitupu, na hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Picha ya asilia ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu, sehemu yake kubwa hubaki katika ngazi za juu za mwanga, na ngome inayoonekana imara hukaribiana na anga kuliko nilivyotarajia. Kinachoitenga hasa ni ubaridi wa buluu mbele ya ujoto wa manjano. Wanaoanza huambiwa kwamba ukungu ni kuongeza nyeupe. Mimi sasa nashikilia kwamba ukungu ni kupunguza tofauti na kulainisha kingo, kwani nyeupe ikizidi rangi hupauka na kuwa kama chokaa.

Manjano ya anga ilitangulia, nikaiacha ikauke kabisa, maana buluu ikipakwa juu ya manjano mbichi hugeuka kijani. Subira hii ina sababu yake: mafuta ya kitani, yaliyochanganywa ndani ya rangi hizi, hayakauki kwa kuvukizwa kama maji, bali hufyonza oksijeni ya hewani na kugandamana polepole. Kwa sababu hiyo hiyo kila tabaka la juu huhitaji mafuta mengi kidogo kuliko la chini yake, ili la juu lisitangulie kukakamaa na kupasuka.

Sasa niko kwenye ngome. Natumia buluu ya kobalti, ambayo Turner naye aliitumia, pamoja na nyeupe ya titani badala ya nyeupe ya risasi ya zama zake, kwa kuwa risasi ni sumu. Rangi naiweka kidogo, kisha naisambaza kwa brashi laini iliyo kavu mpaka mstari wa ukuta upotee upande wa chini, ambako ukungu wa mto ni mzito. Ng'ombe nimempa wekundu wa udongo, na bila yeye buluu yote ile ingekosa cha kupimiwa.

Kunakili kumenipa heshima kubwa zaidi kwa Turner, ambaye ujanani mwake alijifunza kwa njia hii hii, akinakili michoro ya mchoraji John Robert Cozens nyumbani kwa daktari Thomas Monro. Norham aliifika mara ya kwanza mwaka 1797, akairudia katika kazi zake kwa miongo kadhaa, na toleo hili la mwisho hakulionyesha hadharani maishani mwake.

Kilichobaki ni kivuli cha ngome majini, kisha tabaka angavu la manjano kulizunguka jua. Vanishi itasubiri miezi 6 au zaidi, hadi mafuta yakauke mpaka ndani.