Nilivyopunguza chumvi kwenye sufuria la watu sitini

Mimi ni mama ntilie. Kibanda changu kiko Buguruni, ubavuni mwa gereji, na wateja wangu ni mafundi, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda. Kwa siku natoa sahani kama sitini.

"Punguza chumvi, inapandisha presha" nimeisikia tangu nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Redioni ipo, ukutani zahanati ipo. Nilikuwa naitikia ndiyo, narudi jikoni natia kama nilivyozoea. Nipunguze kutoka ngapi hadi ngapi, hakuna aliyeniambia. Na kichwa hakiniumi, basi nikajua presha ni ugonjwa wa wenye mawazo.

Mwaka juzi mwezi wa saba nilikwenda Sabasaba kutafuta masufuria. Kulikuwa na banda wanapima afya bure. Nilipanga foleni kwa sababu watoto wamechoka na pale pana kivuli, sina sababu nyingine. Mashine ya presha ikasoma 178/104, iko juu. Nesi akanikalisha dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, akanikataza kuongea, akarudia: 172/102.

"Mama, unajisikiaje?"

Nikamjibu, njaa.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Niliposema napika, akaniuliza tui nachujia nini. Nilikuwa na kifumbu cha marehemu bibi, siku hizi natumia chujio la plastiki. Akasema, basi figo ni hilo chujio. Kila figo ina vichujio vidogo vidogo kama milioni moja, na damu ikipitishwa humo kwa nguvu kubwa mwaka baada ya mwaka, vinachakaa na kulegea. "Ukiona machicha kwenye tui, utajua chujio limefanya nini?" Machicha yake yalikuwa protini, kitu kinachotakiwa kubaki kwenye damu, kikawa kinatokea kwenye mkojo. Moyo nao unasukuma kila siku dhidi ya presha hiyo, unanenepa kama mkono wa mtu anayetwanga, ila moyo ukinenepa hivyo unaelekea kuchoka. Alimaliza yote kabla mtoto wangu hajamaliza juisi yake.

Nilimkumbuka kaka yangu. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari, mpaka kiwanja cha Chanika kikauzwa. Nyumbani tulikuwa tunasema figo zilimjia ghafla. Kumbe presha alikaa nayo miaka, dawa akimeza siku kichwa kikigonga, kikiacha naye anaacha.

Hospitali wakanipima mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Figo zangu zilikuwa bado nzima. Nikapewa amlodipini, dawa ya presha, na baada ya miezi miwili nikasoma 134/82. Hapo ndipo nilipofanya ujinga uleule wa kaka: nikaona nimepona, tena miguu ilikuwa inavimba jioni, nikaacha. Mwezi haukupita, 170. Daktari hakunigombeza. Alisema dawa ile huwavimbisha miguu baadhi ya watu, na zipo nyingine. Nilitakiwa nirudi aniambie, nisijiamulie. Akanibadilishia.

Halafu akaniuliza kama kuna dawa nyingine namezameza. Nikataja diklofenaki, kwa ajili ya mgongo, maana kazi yangu ni ya kusimama na kuinama. Nilikuwa nainunua kama peremende. Akaweka kalamu chini. Dawa za jamii ile zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ukizitumia muda mrefu na presha unayo. Hili bado linanikera. Miaka mitatu nimeuziwa dirishani, hakuna hata siku moja niliyoulizwa nina presha au sina.

Sasa chumvi. Niliambiwa mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, chakula chake chote humo. Nikarudi na hiyo namba. Nikafungua pakiti mpya ya nusu kilo, nikaandika tarehe kwa kalamu. Siku ya tatu jioni ikaisha. Gramu 500 kwa sahani 180: karibu gramu 3 kila sahani, na hapo ni mchana peke yake. Bado supu ya asubuhi, bado chipsi za usiku. Wala sijahesabu vile vikolezo vya mchemraba nilivyokuwa nikivunjia kwenye mchuzi, wala magadi ya makande, ambayo yana sodiamu ileile ya kwenye chumvi ingawa ulimi hauisikii. Niliketi kwenye ndoo nikajiona namlisha fundi mmoja mmoja ugonjwa wa kaka yangu.

Lakini ukikata kwa mkupuo wateja wanahamia kwa jirani, na mimi nina ada za shule. Wiki ya kwanza niliondoa mchemraba tu, nikazidisha kitunguu swaumu na tangawizi. Hakuna aliyegundua. Kisha nikaibana pakiti ifike siku ya nne, baadaye ya tano, na mwezi wa tatu ikafika ya sita. Maharage nikawa naloweka usiku kucha, magadi basi. Papa mkavu namloweka na kumbadilishia maji mara mbili, na mchuzi wake hauonji chumvi nyingine. Ndimu imenisaidia kuliko kitu chochote. Ugali hauna shida, haujawahi kutiwa chumvi.

Wali wa nazi ndio ulionishinda. Siku niliyoupunguza kupita kiasi, fundi mmoja alisukuma sahani: "Mama, leo umegombana na mzee?" Wengine wakacheka, nami nikacheka, kesho yake nikarudisha kidogo. Mpaka leo wali una chumvi kuliko nipendavyo, na sijapata dawa yake.

Mimi sasa namba ya juu ya presha inasoma kati ya 126 na 132, kidonge nakimeza kila asubuhi na chai, kichwa kiume kisiume, na figo nacheki mara moja kwa mwaka. Kichupa cha chumvi nimekitoa mezani nikakiweka juu ya kabati la vyombo; anayekitaka anaomba. Wiki iliyopita waliomba watu wanne. Mmoja wao ni mume wangu.