Nimeuza jina, jamani

Mwaka jana nilinunua majina 11 ya tovuti, yote yakiishia .co.tz, kila moja kama 25,000. Tisa ni takataka: marefu, hata mimi nakosea kuyaandika. Moja lilifanana na la kampuni ya watu, nikaliachia kabla wanasheria hawajanitafuta.

Lililouzika ni fupi, lina neno dagaa. Nilimfuata mama mmoja soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anashona viroba vya mzigo wa kwenda Kongo. Sindano ikasimama hewani. "Mwanangu, unaniuzia jina? Jina tu?" Nikamwonyesha kwenye simu. Akacheka, akaita binti yake, wakateta kwa Kisukuma.

Laki nne, noti zinanuka dagaa. Nikamhamishia umiliki jioni ileile. Yale tisa ada ya mwaka silipi, yajifie.