Siku tulipopwelewa tukienda Takwa

Mara ya kwanza hatukufika. Saa tatu asubuhi mashua yetu ilikaa juu ya tope katikati ya mikoko ya Manda, kisiwa jirani na Lamu, na hori, yaani mkono wa bahari tuliotarajia kupita, ikawa kijito cha kurukwa. Mama yangu, mwenye miaka sabini na moja na magoti yanayomsumbua, alishika ukingo wa mashua akanyamaza. Ukimya ule uliniuma. Safari ilikuwa yake. Tangu utoto wetu Mombasa alikuwa akitusimulia kwamba bibi yake alizaliwa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, na kwamba watu wa Shela asili yao ni Takwa, mji wa kale uliobaki magofu huko Manda.

Kosa lilikuwa langu. Kijana aliyetuchukua aliniambia maji yanapwa, nami nikamhimiza twende kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimepanga siku zetu nne za Lamu kwa saa ya mkononi tu.

Jioni tuliketi barazani na mzee mmoja, jirani wa nyumba tuliyopanga. Aliponisikia nikisimulia yaliyotupata akanionesha mwezi. "Mwanangu, huu mwezi mpevu. Ni bamvua, maji makubwa. Maji hujaa alfajiri, yakajaa tena alasiri. Saa nne asubuhi yako nje kabisa. Nenda kesho alasiri, na usikae hadi magharibi." Kisha akatusimulia Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19: jeshi la Pate na la Wamazrui, watawala wa Mombasa, liliposhindwa na watu wa Lamu lilikimbilia majahazi, likayakuta yamekaa mchangani, maji yamekupwa. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Basi kesho yake tukaigeuza siku. Asubuhi tulikwenda ngomeni, iliyoanza kujengwa baada ya vita hivyo na kumalizika mwaka 1821, nayo ilikuwa jela hadi 1984. Mama hakupanda juu. Alikaa uani kivulini, nami nikapanda peke yangu. Kwenye makumbusho, pale ufuoni, alisimama muda mrefu mbele ya siwa, baragumu kubwa la sherehe. Tukarudi, tukala, akalala kidogo. Naamini usingizi ule ndio uliomwezesha kufika.

Tuliondoka gatini saa tisa kasorobo, na kijana yule yule. Nilibeba kigoda kifupi cha kukalia, na ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyobeba: mama alikikanyaga kushukia mashua, na kila penye kivuli cha mbuyu akakikalia. Hori ile ya jana ilikuwa imejaa hadi kwenye majani ya mikoko, na kijana alitusukuma kwa upondo taratibu, bila kelele ya mashine.

Takwa ulikuwa mji tangu karne ya 15 hadi ya 17, kisha wenyewe wakauhama. Kuta za matumbawe bado zimesimama, na ukuta wa mji unaonekana wazi. Msikiti ndio uliotushika. Juu ya kibla inasimama nguzo, na watu husema chini yake amezikwa shehe. Mama alipitisha kiganja kwenye chokaa ya mihrabu kama anayempangusa mtoto uso. Nje ya ukuta lipo kaburi la nguzo, ambalo watu wa Shela bado hulizuru kuomba mvua. Hapo aliniomba nimwekee kigoda. Akasoma Fatiha, akataja jina la bibi yake, kisha la mama yake, kisha majina mengine ambayo sikuwahi kuyasikia. Nikaanza kuyaandika kwenye simu.

Alikuwa hajamaliza pale kijana alipoita kutoka mikokoni: "Mama, maji yameanza kurudi!"

"Naja, baba," akamjibu, na akaendelea kutaja.