Skuta ya umeme ya mama
Magoti ya mama yalipomkatalia mwendo mrefu, nilikusudia kumnunulia skuta ya umeme ya magurudumu matatu, kwa kuwa hukata kona katika nafasi finyu, lakini alipoijaribu na kuinamia upande mmoja niliiona ikiyumba, moyo ukanipasuka, tukachagua ya magurudumu manne, ambayo hutulia zaidi ingawa huhitaji nafasi pana ya kugeukia. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa ni vidole vyake: kwa sababu ya baridi yabisi, kukandamiza wenzo wa mwendo kwa kidole gumba kulimuumiza, hivyo tukatafuta usukani ambao wenzo wake huvutwa kwa vidole vyote. Upana wa mlango tulikuwa tumeupima mapema. Kiti kinazunguka, naye sasa hushuka bila kushikwa mkono.