Matairi ya Majira ya Baridi Huku Québec

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, sheria ya Québec, jimbo la Kanada, inataka magari madogo yaliyosajiliwa jimboni yafungwe matairi ya majira ya baridi. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, kwa kuzoea kupima tairi kwa ukubwa wa kashata zake, huliona sharti hili kuwa njia nyingine ya kumkamua mgeni.

Kashata kubwa zilizoachana hufaa kwenye tope, kwa kuwa huchimba hadi ardhi ngumu na kulitema tope tairi linapozunguka. Barafu haichimbiki. Juu yake kinachohitajika ni mpira uliobaki laini: mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ilhali ule wa tairi la baridi umechanganywa ili uendelee kunyumbulika hata sifuri ikipitwa kwa mbali. Isitoshe, kila kashata imechanjwa chale nyembamba nyingi, ambazo kingo zake huikamata theluji na kuondoa utando wa maji ulio juu ya barafu.

Unaponunua, usidanganywe na herufi M+S (tope na theluji), ambazo hueleza umbo la kashata tu. Tangu Desemba 2014 Québec haizikubali peke yake. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu uliozingira chembe ya theluji. Matairi yenye misumari nayo yanaruhusiwa, kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 1 Mei, ingawa kelele zake kwenye lami kavu zinachosha.

Wanaonishangaza zaidi ni wenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, wanaojiona wamesalimika. Mfumo huo husaidia gari kuondoka. Kwenye kusimama hauongezi kitu, maana kila gari, hata la bei poa kabisa, hufunga breki kwa magurudumu manne. Kwa sababu hiyohiyo, fungeni matairi yote manne. Ukiweka ya baridi mbele tu, nyuma itateleza na gari litageuka kwenye kona.

Kwa wanunuzi wa mitumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kashata zikibaki chini ya milimita 4, liache tairi hilo hata kama sheria inakubali milimita 1.6. Upepo nao upimwe mara kwa mara, kwani baridi huushusha.