Pesa ya tarehe 10 na pesa ya tarehe 24

Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, Uganda. Mashine yangu iko kwenye baraza ya duka la vitambaa, si mbali na soko kuu, na kuanzia Oktoba hadi mkesha wa Krismasi kazi yangu karibu yote ni nguo za watoto. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, wanangu huvaa nguo mpya siku ya Idi, lakini riziki yetu ya mwaka, sehemu kubwa, hutoka kwenye Krismasi. Nimepima mabega ya watoto wa meneja wa benki na ya watoto wa wapagazi kwa tepu ile ile, asubuhi moja.

Ndiyo maana hunichoma moyo kila Desemba nikisikia yale maneno ya redioni na ya kwenye magrupu ya WhatsApp: wazazi maskini hawajui kupanga, wanamaliza pesa kwa nguo za sikukuu halafu Februari wanalia karo. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa nilipokaa mimi. Kipato kinaamua zawadi ya mtoto, hilo halina ubishi. Ila kiasi cha pesa peke yake hakielezi mambo ninayoyaona. Siku ambayo pesa hiyo inaingia mkononi ina uzito mkubwa, na hiyo hakuna anayeitaja.

Kwanza tuelewane zawadi yenyewe ni nini. Kwa familia nyingi ninazozishonea, zawadi ya Krismasi ni nguo mpya na viatu. Haifungwi kwenye karatasi. Mtoto anaivaa asubuhi, anakwenda kanisani, watu wanamwona. Baada ya hapo ni chakula: wali, nyama au kuku, na soda yake peke yake, si ya kugawana chupa na mdogo wake. Zikibaki elfu mbili tatu, ndipo hununuliwa miwani ya plastiki, saa ya mkononi isiyotembea, puto. Vitu vya kuchezea vya kwenye boksi, baiskeli, mwanasesere mwenye nywele ndefu, hivyo huanza kwa wale ambao nguo na nyama si mambo ya sikukuu tena. Mtoto wao anakula kuku Jumapili yoyote na kabati limejaa, kwa hiyo Krismasi lazima imletee kitu kingine.

Sekondari nilisoma HEG, yaani historia, uchumi na jiografia, na mwalimu wetu wa uchumi alitufundisha habari za Mjerumani Ernst Engel, ambaye mwaka 1857 alionyesha kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa zake inavyokwenda kwenye chakula. Wakati ule nilikariri kwa ajili ya mtihani. Siku hizi Engel ananijia kibandani: mama anahesabu noti mbele yangu, anatenga za mchele na nyama kwanza, anazifunga kwenye ncha ya leso, kisha ananiuliza zile zilizobaki zinatosha gauni la aina gani.

Wenye mshahara wa uhakika huja Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Kuna mama mmoja wa benki, hunitumia picha ya gauni kwenye simu, satini na lasi ananunua mwenyewe, analipa nusu, anamleta binti kujaribisha, anamleta tena. Mtoto atalivaa gauni hilo siku ile, labda na kwenye harusi moja, kisha limembana. Ni mteja mzuri, simsemi vibaya. Lakini sijawahi kumsikia akiniambia niache nafasi ya kukua.

Walimu wako katikati, na tangu 2022 hawako tena pamoja. Mwaka ule serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wa sekondari wenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wale wa masomo ya sanaa wakabaki karibu milioni 1, na mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi alikuwa kwenye kama laki tano. Nina wateja wawili waliokuwa wakitoka chumba kimoja cha walimu, mmoja wa fizikia, mwingine wa historia. Zamani walikuja pamoja na kuchukua kitambaa cha aina moja ili wapunguziwe bei. Sasa mwalimu wa fizikia anawapeleka wanawe Kampala kununua nguo, kwangu analeta suruali za kupunguza tu. Yule wa historia bado anakuja, bado anachagua vizuri, ila aliniambia watoto wake wamemuuliza kwa nini nyumba ya pili wamepata baiskeli. Wanasoma shule moja, milango yao inatazamana. Jibu la swali hilo liko kwenye karatasi ya mshahara, na mtoto wa miaka saba utamweleza nini?

Vijana wa boda hulipa kidogo kidogo, elfu tatu leo, elfu tano Jumamosi, na wengi wao humaliza deni kabla ya tarehe 20. Nawaheshimu sana.

Kisha kuna akina mama wa Masese, na hapa nataka nikae kidogo. Masese ni mwalo wetu wa samaki ziwani, na wengi wanaokuja kwangu kutoka huko wanaishi kwa mukene, dagaa. Mukene huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta pale tu penye giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo pesa ya Masese hufuata mwezi wa angani, na mwezi haujui Krismasi ni lini. Mwaka 2023 mwezi mpevu uliangukia tarehe 27 Desemba. Hebu fikirieni maana yake: siku zile zile ambazo kila mzazi anahitaji noti mkononi, ziwa lilikuwa jeupe usiku kucha na vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja jioni ya tarehe 24 na elfu kumi na mbili. Ana watoto wanne.

Mwaka uliofuata, 2024, mwezi mpevu ulikuwa tarehe 15 Desemba. Ukapita, usiku wa giza ukarudi kabla ya sikukuu, mukene wakapatikana. Mama yule yule alifika mapema, amevaa vizuri, akanilipa nguo za wote wanne na kuniachia mfuko wa mukene wakavu kwa ajili ya wanangu. Mtu wa redioni angemwona mwaka 2023 angesema ni mzazi asiyejali, na angemwona 2024 angemsifu. Mama ni yule yule, na anawapenda watoto wale wale.

Sasa tazameni bei. Oktoba, kitambaa cha gauni la mtoto wa miaka sita pamoja na ufundi wangu havizidi 25,000. Ikifika tarehe 23 Desemba kitambaa hicho kimepanda dukani, na mimi sipokei tena kazi mpya kwa sababu zilizopo zinanikesha hadi usiku wa manane. Aliyepata pesa jioni hiyo anakwenda barabarani kununua nguo iliyoshonwa tayari, ya jumla kutoka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, zipu yake haifiki mwaka mpya, na anaombwa 40,000. Muuzaji akimtazama tu anajua hana pa kwenda, kesho ni mkesha. Kuku naye amepanda. Nauli ya taksi kwenda kijijini kwa bibi imepanda, njia nyingine mara mbili. Mwenye kipato kidogo analipa zaidi ya mama wa benki, na anapata nguo mbaya kuliko yake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na wale wanaosema maskini hawapangi, ningewaomba waje wageuze nguo za watoto wa maskini hao ndani nje. "Fundi, niachie pindo kubwa." Hilo ndilo agizo la kwanza. Naacha pindo la inchi nne, na nafasi pembeni kwenye kiuno, nakunja, nashona kwa mshono mrefu unaofumuka bila kuharibu kitambaa. Desemba inayofuata gauni linarudi, nateremsha pindo, naficha alama ya zamani kwa utepe au lasi, mtoto anaonekana mpya. Mwaka wa tatu linakuwa sketi, au linamwendea mdogo wake. Nina gauni moja la zambarau ambalo limepita mikononi mwangu kwa dada watatu, na bado halijachakaa. Mzazi anayenunua nguo akiiona miaka mitatu mbele amepanga kuliko wengi wenye akaunti.

Wenye watoto wengi huwavalisha kitambaa kimoja wote. Wapita njia hudhani ni fasheni. Ni kwamba ukinunua mita nyingi za aina moja unapunguziwa, vipande vinavyobaki kwenye magauni vinatoa shati la mvulana mdogo, na nyumbani hakuna atakayelia kwamba cha mwenzake ni kizuri. Kitambaa kikipungua, anayekosa ni binti mkubwa. Nimeona wasichana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wakisimama kando ya mashine na kusema wao hawataki, wadogo washonewe. Wanasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama zao hawajibu, hutazama barabarani. Nikiwa na kipande cha kutosha huwa nawatengenezea blauzi na sitaji bei yake.

Mitumba nayo huokoa jahazi. Agosti 2023, Rais Museveni alipotangaza akiwa Mbale kwamba mitumba ikomeshwe, wateja wangu wengine walinipongeza, eti kazi itaongezeka. Sikufurahi. Najua nani anavaa mitumba Krismasi: ni mtoto ambaye mama yake alichambua rundo zima hadi akapata gauni lisilo na doa, akalifua, akalipiga pasi, akalileta kwangu kubadilishiwa vifungo ili lifanane na jipya. Ukimwondolea gauni hilo la elfu tano, hatakuja kwangu na 25,000. Hana.

Nirudi kwenye karo, maana ndiyo fimbo wanayopigiwa wazazi. Muhula wa kwanza hufunguliwa Februari. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bila karo tangu 1997, lakini kuna sare, madaftari, chakula cha mchana, na shule ya binafsi hata ya kawaida mtaani kwetu inataka malaki. Elfu ishirini na tano za gauni hazilipi karo hiyo. Hazilipi hata robo yake. Mama wa mtaa wa Walukuba anayeuza maandazi anajua hivyo. Atakopa kwa vyovyote Januari, gauni liwepo lisiwepo. Kinachobaki ni kama mtoto atakwenda kanisani na wenzake au atajificha ndani siku nzima. Sisi Waislamu Idi yetu inatembea kwenye kalenda, kila mwaka inasogea nyuma karibu siku kumi na moja, mwaka mmoja inakutana na karo, miaka kadhaa baadaye inaangukia mavuno. Krismasi haisogei. Wakristo maskini wanaibeba mwaka baada ya mwaka ikiwa imekaa mlangoni pa karo, na bado watoto wao wanatoka wakiwa safi.

Ninachoweza kufanya kwenye kibanda changu ni kidogo. Kuanzia Agosti nina daftari: unaleta elfu mbili, elfu tano, unavyopata, na bei inabaki ile ya siku tuliyoandikiana. Kitambaa nakinunua mapema nikiwa na nusu ya pesa. Vikundi vya akiba vya akina mama wa mtaani wengi huvunja sanduku wiki ya Krismasi, na nimewaomba viongozi wao wavunje mwanzoni mwa Desemba. Viwili vimekubali.

Lakini wenye nguvu zaidi ni wanaolipa mishahara. Kama una dada wa kazi nyumbani, mlinzi, kijana wa dukani, mlipe Desemba kabla ya tarehe 10, usimwekee hadi jioni ya tarehe 24 kwa kuogopa kwamba hatarudi kazini. Haikugharimu shilingi moja zaidi. Mwenye ghala mmoja upande wa barabara ya Iganga hufanya hivyo na wapagazi wake. Wake zao hufika kwangu vitambaa vikiwa bado vimejaa dukani, wanavigeuza huku na huku, wanabishana nami bei mpaka nacheka. Mwaka jana mmoja wao alinirudishia lasi niliyomchagulia. "Hii, fundi, nikiifua mara mbili imechanika," alisema. "Nipe ile ya pamba, na pindo usisahau."