Kimbunga Kiliishia Wapi?

Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 nilikuwa Mtongwe, Mombasa, kwa mjomba wangu, mvuvi, tukingoja taarifa ya saa moja. Siku hiyo Rais wa Kenya alikuwa amehutubia taifa: shule zisifunguliwe kwanza, na kimbunga Hidaya kinaelekea Pwani. Mjomba alisogeza kigoda hadi magoti yakagusa meza ya televisheni.

"Huyu asema Pwani," akaniambia. "Pwani gani? Vanga ni Pwani, na Kiunga ni Pwani."

Sikuwa na jibu: Vanga iko mwisho wa kusini wa pwani yetu, Kiunga mwisho wa kaskazini. Mtangazaji alitaja upepo wa noti 40, yaani maili 40 za baharini kwa saa, nikamfanyia mjomba hesabu, karibu kilomita 74 kwa saa, akatikisa kichwa. Kisha kituo kile kikaonyesha mabati yakiruka kama karatasi na minazi imekatika katikati. Hapakuandikwa picha ni za wapi wala za mwaka gani. Mkaza mjomba alinyanyuka kimya. Alirudi na hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitabu cha kliniki cha mjukuu, akavitia ndani ya mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akautia ndani ya mfuko mwingine, akafunga tena. Usiku kucha ule mfuko ulikuwa chini ya mto wake.

Jumamosi mjomba na wenzake walivuta mitumbwi juu kabisa, ng'ambo ya alama ya maji. Malema yake matatu, yaani madema ya kusuka ya kutegea samaki, aliyatoa baharini, kazi iliyomchukua asubuhi nzima. Alinihesabia mwezi kwa vidole: 25 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, haijaingia. Hilo lilimpa moyo kidogo, kwani mawimbi makubwa yakikutana na maji ya bamvua, bahari hupanda hadi milangoni. Kwenye televisheni sikusikia mtu akigusia bamvua hata mara moja, na kwa mtu wa Mtongwe hilo ndilo swali la kwanza.

Usiku upepo ulivuma, stima ikapotea, tukabaki na redio ya betri. Kulikucha salama.

Jumapili jioni ndiyo inayoniuma mpaka leo. Stima ilikuwa imerudi. Mjomba alioga mapema, akavaa kikoi safi, akakaa mbele ya televisheni dakika 20 kabla ya saa moja. Alitaka kujua kile kimbunga kimekwenda wapi. Zikaja habari za mafuriko ya bara, na siwalaumu kwa hilo, watu walikuwa wamekufa Mai Mahiu siku chache tu nyuma. Zikaja siasa. Ukaja mpira. Hidaya hakutajwa. Mjomba akazima televisheni, akasema, "Kumbe hakikuwako."

Kilikuwako! Kilitua pwani ya Tanzania, upande wa Mafia, Jumamosi hiyo hiyo tuliyokuwa tukivuta mitumbwi, kikafia huko. Kutoka Mombasa hadi Mafia ni zaidi ya kilomita 400 tu. Na kuna sababu ya vimbunga kutotufikia kwa urahisi: hujizungusha kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na kadiri unavyokaribia ikweta msaada huo hupungua. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, sisi tuko nyuzi 4. Hayo yangeelezwa kwa dakika tatu na ramani moja, kwa Kiswahili, jioni ile ile ambayo wazee kama mjomba walikuwa wamekaa wakingoja.

Mimi naziamini tahadhari. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovuka bahari kutoka Sumatra, habari zilitufikia mapema, watu wakaondolewa ufuoni, Kenya ikapoteza mtu mmoja. Somalia walikufa kwa mamia. Kwa hiyo sitaki watangazaji wanyamaze hata kidogo. Nataka wakishatuambia kinakuja, warudi watuambie kilikoishia. Asiyeambiwa hujaza mwenyewe, na ajazalo ni kwamba alidanganywa.

Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, wa mwaka uliofuata ilitoka tahadhari nyingine ya upepo mkali na mawimbi. Nilimpigia simu mjomba. "Hata ile ya Hidaya walisema hivyo hivyo," akanijibu. Malema akayaacha majini. Mawili yalipotea, la tatu lilipatikana mwambani limebondeka upande. Kusuka dema moja kwamchukua siku kadhaa, na vidole vyake vimeanza kukakamaa.

Nilikwenda kumwona wiki ile. Alikuwa ameketi chini ya mwembe akichana fito, mguu umekanyaga ncha moja zisiteleze. Nikachukua kipande cha boksi, nikamchorea pwani yote: Kiunga juu, Lamu, Malindi, Mombasa, Vanga, kisha Pemba, Unguja, na Mafia. Nikatia alama ya msalaba pale kilipotua.

Aliweka kisu chini. Akapitisha kidole kutoka Mafia hadi Mtongwe, polepole, akisimama kila kisiwa.

"Kwa jahazi, na kusi hii nyuma yako," akasema, "hapa si mbali."

Kile kipande cha boksi amekichomeka ukutani, juu ya televisheni.